Ukuta wa hoteli ulivyokula ufukwe wake wenyewe: miaka 11 ya fundi wa pampu pwani ya mashariki ya Unguja (uzi mrefu)

#1 FundiPampu (mleta uzi)

Assalaam alaykum wakuu, na habari za jioni kwa wote.

Juzi kuna mkuu humu aliuliza kwa nini picha za hoteli za Zanzibar zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Nilianza kumjibu mistari miwili, nikajikuta nimefika ukurasa, basi nimeona nifungue uzi kabisa. Mimi ni fundi: pampu, mabomba, jenereta na chochote kinachovuja. Nimefanya kazi hoteli moja pwani ya mashariki ya Unguja miaka 11, nimetoka mwaka jana. Jina la hoteli sitaji, msinifuate inboksi.

Kwanza jibu la yule mkuu. Upande wetu wa mashariki bahari ina kina kifupi mpaka unafika kwenye mwamba, na mwamba wenyewe uko mbali, kuna sehemu unatembea zaidi ya kilomita. Bamvua (yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likiwa kali, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika mita 4 hivi. Kwa hiyo mgeni anaamka asubuhi anakuta bahari imehama, kina mama wako mbali huko wanafunga mwani. Wengine walikuwa wanakuja mapokezi kulalamika kana kwamba sisi ndio tumeyachota maji. Meneja wetu mmoja akabandika ratiba ya maji kujaa na kupwa pembeni ya menyu ya chakula cha asubuhi, kelele zikapungua sana.

Sasa ule mwamba wa mbali, pale unapoona mstari mweupe wa mawimbi yanavunjika, pale ndipo hoteli ilipo. Mengine haya ya huku nchi kavu ni vyumba tu. Kuna utafiti wa mwaka 2014 uliojumlisha vipimo vya nchi nyingi, ukakuta miamba ya matumbawe inapunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Mchanga mweupe nao unatoka huko huko: matumbawe yaliyosagika, makombe, na majani fulani ya baharini yenye chokaa ndani. Pono naye anaguguna mwamba, anameza, halafu anautoa mchanga. Mgeni aliyejilaza kifudifudi pale akipiga picha, mimi humwacha tu asijue.

Mwaka 1998 bahari ilipata joto la El Niño, matumbawe yakawa meupe na mengi yakafa upande wote huu wa Bahari ya Hindi. Mwaka 2016 yakapauka tena. Mwaka 2024 wanasayansi wakatangaza tena kupauka kwa matumbawe kwenye mabahari ya dunia nzima, kama ilivyokuwa mara hizo mbili. Matumbawe yakifa hayaanguki siku hiyo. Yanabaki yamesimama, yanamong'onyoka taratibu, mwamba unapungua kimo, wimbi linapita na nguvu zaidi ya lile la mwaka juzi. Hoteli inapata hasara miaka mingi baada ya kifo, na wakati huo hakuna anayekumbuka marehemu alikuwa nani.

Twende kwenye ukuta. Mwaka wangu wa sita pale, kusi, ule upepo wa kusini, lilivuma vibaya likakutana na bamvua, asubuhi tukakuta bahari imechukua ngazi za zege na minazi miwili. Tajiri akashtuka, ana haki ya kushtuka. Akaleta mkandarasi, ukajengwa ukuta wima wa mawe na zege mbele ya hoteli nzima. Ulikuwa mzuri, siwadanganyi, ulipakwa chokaa, na taa za chini mimi mwenyewe nilizifunga.

Kabla ya ukuta, wimbi lilikuwa linapanda kwenye mchanga wenye mteremko, linachoka lenyewe, linarudi taratibu. Baada ya ukuta halina pa kupanda. Linapiga, linarudi na nguvu zake zote, na linaporudi linachimba mguu wa ukuta na kuondoka na mchanga. Nilipiga alama ya rangi ukutani mchanga ulipokuwa umefika siku tuliyokabidhiwa. Misimu miwili ya kusi baadaye, nikisimama chini ile alama iko kifuani kwangu. Maji yakijaa hakuna ufukwe kabisa, ni ukuta na bahari. Tukatengeneza ngazi ya mbao wageni washukie, ngazi ikabaki inaning'inia, nikaongeza vipandio vitatu, ikaning'inia tena.

Jirani yetu wa kaskazini alikuwa na nyumba ya wageni ndogo, hana ukuta. Mwisho wa ukuta wetu wimbi likawa linazunguka linaingia kwake. Mkungu wake mkubwa uliokuwa na kivuli cha watu ishirini ukaanguka. Akaja kugombana na tajiri, wakatajiana wanasheria, mwisho naye akajenga ukuta. Nadhani mmeshaelewa kilichompata jirani wa jirani. Ukuta unaambukiza kama upele.

Na ninachotaka kusema hasa ni hiki, wakuu. Chumba cha mbele kinachotazama bahari kwetu kiliuzwa karibu mara mbili ya cha nyuma. Godoro lile lile, feni ile ile, hata sabuni ile ile. Ile nusu ya pili ya bei ilikuwa ya mchanga na maji ambavyo si mali ya hoteli, havimo kwenye hati wala havina mstari kwenye vitabu vya hesabu. Tulipoulinda ule ufukwe kwa zege tukabaki na jengo salama lisilo na kitu cha kutazama isipokuwa mawimbi yanayopiga kelele usiku. Wageni wakaanza kuomba vyumba vya nyuma ili walale!

Naendelea, kuna la kisima.

#2 FundiPampu (mleta uzi)

Unguja haina mto wa maana upande wa mashariki. Maji matamu yako chini, kwenye mawe ya matumbawe ya kale, yanaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Hesabu ya mafundi wa visima ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna mita 40 hivi za maji matamu. Inasikika vizuri. Igeuze sasa: ukivuta sana mpaka usawa wa juu ukashuka sentimita 1, chumvi kwa chini inaelekea kupanda sentimita 40. Unaona mchezo ulivyo?

Mwaka 2001 ulitoka utafiti uliofanyika pwani hii hii, ukakuta mtalii mmoja anatumia wastani wa lita 685 kwa siku, na mwenyeji lita 48. Watu wakisikia hivyo hudhani wazungu wanaoga mara kumi. Hapana, sehemu kubwa ilikuwa bustani. Majani ya kijani yamepandwa juu ya mchanga na mawe, unamwagilia asubuhi, saa sita pamekauka. Halafu lipo bwawa, ipo dobi ya mashuka kila siku.

Kwetu nilikuwa na visima vitatu. Kimoja kilianza kubadilika mwaka wangu wa nne. Dalili ya kwanza si ulimi, ni sabuni, haitoki povu. Ya pili ni vifaa vyangu: hita zinaliwa, valvu za shaba zinaota kijani, feni ya pampu inakwisha miezi minane badala ya miaka mitatu. Nikaandika ripoti kwamba tupunguze kuvuta, tuvute usiku kidogo kidogo badala ya kukamua saa mbili mfululizo. Nikajibiwa "fundi, chimba chini zaidi". Kuchimba chini zaidi kwenye kisiwa ni kuifuata chumvi nyumbani kwake. Tukachimba, tukaipata.

Baada ya hapo ni maboza ya maji kila siku, kisha mashine ya kuondoa chumvi, ambayo inakula umeme kama haina akili nzuri, na maji machungu inayoyatema lazima yaende mahali. Sitasema ya kwetu yalikwenda wapi. Pia mawe yetu yana mapango na nyufa, karo la maji machafu la hoteli likivuja leo, kesho kutwa liko kisimani kwa mtu. Kisima cha msikiti kijiji cha jirani kiliingia chumvi mwaka ule ule. Mimi si hakimu, lakini umbali naujua.

Uzi uko wazi, karibuni.

#3 MtetaHoja

Mkuu umeandika vizuri ila unampiga mawe tajiri bila sababu. Bila ukuta hoteli ingeanguka, na wewe miaka 11 mshahara ungepata wapi? Rahisi kuongea ukiwa umeshaondoka. Bahari inapanda duniani kote, hoteli moja itafanya nini?

#4 FundiPampu (mleta uzi)

Swali zuri, sina ubishi na nusu yake. Lile jengo lilijengwa mbele mno, na likishakuwa pale, kulinda ni lazima. Kosa lilifanyika siku ya kupiga msingi. Wazee wa kijiji waliwaonyesha wajenzi kwa mkono bahari ilikofika walipokuwa watoto, wakaambiwa mchoro umeshapita.

Na kuna vitu hatukuvijaribu. Kila alfajiri vijana wetu walikuwa wanakwangua majani ya bahari yaliyoletwa na maji, eti mgeni anataka ufukwe safi, wanayapakia kwenye mkokoteni pamoja na mchanga wake. Mkokoteni mmoja kwa siku kwa miaka 11, piga hesabu mwenyewe. Yale majani ndiyo yanayoshika mchanga. Zile mboga za kutambaa za pwani zilikatwa zote ili vitanda vya wageni vipangike mstari. Kitu pekee tulichofanya kwa akili ni baa ya makuti: bahari iliibomoa mara tatu, mara ya nne tukairudisha nyuma mita ishirini. Wiki moja kazi imekwisha. Ingekuwa ya ghorofa ungeirudisha wapi?

#5 MkaaziWaTegeta

Wazanzibari mnashangaa ukuta leo, sisi wa Kunduchi, Dar es Salaam, tumeshasoma hilo darasa zamani. Huku bahari imekula pwani tangu sijazaliwa. Sababu walizitaja nyingi: mchanga wa mito ya Tegeta na Mbezi kuchimbwa kwa ajili ya ujenzi kabla haujafika baharini, mwamba kupigwa baruti na wavuvi, mikoko kukatwa. Zikajengwa boma za mawe zinazoingia baharini kama vidole. Upande mmoja wa kidole mchanga unajaa, upande wa pili unaliwa. Tena unabadilika: kusi likivuma mchanga unasafiri kaskazini, kaskazi likivuma unarudi kusini. Ukiuziwa kiwanja Januari njoo ukione tena Agosti.

Sheria ya Mazingira ya 2004 kwa Bara inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, ziwani au mtoni. Tembea kutoka Kunduchi mpaka Mbezi uhesabu nyumba zilizo ndani ya hizo 60. Leta kikokotoo.

#6 Mtoto wa Mkulima wa Mwani

Nashukuru kwa uzi ila naona mmeisahau habari ya kina mama, wametajwa kama mapambo ya picha tu.

Mama yangu analima mwani Paje tangu mimi niko darasa la pili. Mwani ulianza kulimwa huku mwaka 1989, mbegu zilitoka Ufilipino. Kuna aina mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei. Maji ya kina kifupi yakipata joto inaota madoa meupe, inalainika, inakatika, siku mbili kamba tupu. Huku kwetu wengi wameacha kuilima, wamebaki na spinosum ya bei ya chini. Wengine walijaribu kuipeleka maji marefu, lakini huko unataka boti na kujua kuogelea, na kina mama wengi hawakufundishwa kuogelea.

Kwa hiyo joto lile lile linaloua mwamba wa hoteli linaua na shamba la mama. Lakini ninyi mna bwawa la kuwapa wageni bahari ikiharibika. Halafu wale wageni wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na vishada wanapita juu ya vigingi vya mwani, kamba zinakatika, ukilalamika unaambiwa utalii ndio uchumi. Wageni walioingia Zanzibar 2024 walizidi laki 7, mama anawaona kwa mbali wakimpiga picha. Hoteli zinaponunua sabuni ya mwani kwa duka la zawadi huwa nafurahi, sikatai, ila sabuni moja moja haifanani na kamba mia.

#7 FundiPampu (mleta uzi)

Umenisuta kwa haki dada yangu. Nilipokuwa pale sikuwahi kusikia mkulima wa mwani akiitwa kwenye kikao chochote cha hoteli, hata cha kuweka maboya.

#8 Mmaa_wa_Talek

Niaje watu wa pwani. Mimi niko Kenya, upande wa Narok, nafanya kambi moja ya wageni. Msidhani ni bahari tu. Usiku wa kuamkia 1 Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo, kambi zaidi ya kumi zikaingia maji ndani ya hifadhi ya Maasai Mara. Wageni wengine walitolewa na helikopta ya waokoaji, wengine mashua, kwa nyika! Mahema yalibebwa na vitanda vyake.

Sababu ni ile ile ya fundi. Mgeni anataka kuamka aone kiboko akiwa kitandani, so kambi inawekwa kingo ya mto, ile miti ya kivuli inafyekwa ndio aone vizuri. Mto ukijaa hakuna mizizi. Hema liko na raha moja, kila mwaka unaweza kulisongesha. Sisi baada ya ile mvua tulirudi juu, na saa hii mgeni anatembea kidogo ndio aone viboko. Wachache wamelalamika. Hakuna amelala kwa maji.

Na muulize watu wa Baringo. Lile ziwa lilianza kupanda kama mwaka wa 2010 na likaendelea tu, hoteli na shule na zahanati zikabaki ndani. Hapo hakuna kusema ulijenga karibu, ziwa lilikufuata.

#9 Mhasibu Mstaafu

Nimefanya hesabu za hoteli tatu, visiwani na Bara. Nawapa siri ya ofisini: hatari za mazingira zilikuwa zinaonekana kwenye vitabu vyetu kama "matengenezo". Boza ni matengenezo. Hita iliyoliwa ni matengenezo. Ngazi ya fundi iliyoning'inia, matengenezo. Mwenye hoteli haoni popote mahali palipoandikwa "mwamba umekufa, tumelipa kiasi hiki". Angeona jumla yake mwaka mmoja tu angeota mvi.

Kuhusu bima, kuna jambo la Meksiko jimbo la Quintana Roo. Walikata bima kwa ajili ya mwamba wenyewe: upepo wa kimbunga ukifika kasi iliyoandikwa, malipo yanatoka haraka bila kubishana nani kaharibikiwa. Mwaka 2020 kilipopita kimbunga Delta ililipa, fedha zikaenda kwa wazamiaji waliorudishia vipande vya matumbawe vilivyovunjika. Naipenda ile fikra, ila msiikimbilie. Mwamba wetu unauawa na joto, na upepo ule hauna uhusiano na joto. Mngelipa ada miaka yote na 1998 isingewapa hata senti.

#10 Kijana wa Mangapwani

Kuna anayefanya sawa au wote tuwafungie?

#11 FundiPampu (mleta uzi)

Nenda Chumbe ukitaka kuona. Kisiwa kidogo kusini magharibi ya mjini, kina mnara wa taa wa 1904. Mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, na waliofanywa walinzi ni wavuvi wa maeneo yale yale. Vibanda vya wageni ni saba. Saba! Hakuna kisima, maji ni ya mvua yanayovunwa paani na kuhifadhiwa chini ya kibanda, umeme wa jua, choo hakitumii maji, ni mboji. Nilikwenda na wenzangu wa ufundi siku moja, tukatafuta pampu kubwa ya kuikagua, hatukuiona, tukabaki kuangalia kaa wa nazi.

Lakini tusidanganyane. Bei yake si ya kila mgeni, na mwamba wake joto halikuupa msamaha, nao ulipauka. Tofauti ni kwamba mwamba usiovuliwa wala kumwagiwa maji ya karo una nafasi nzuri zaidi ya kuinuka baada ya joto. Na hoteli ya vyumba mia mbili haiwezi kuigeuza Chumbe kwa kubandika kikaratasi bafuni "tumia taulo mara mbili uokoe sayari" huku bustani inanyunyiziwa saa saba mchana.

#12 MtetaHoja

Haya mkuu, hapo kwenye kikaratasi nimecheka. Niulize la maana sasa. Nina kiwanja Jambiani, nyuma kidogo ya barabara, nataka nyumba ya familia na vyumba viwili vya wageni. Kisima nichimbe mita ngapi?

#13 FundiPampu (mleta uzi)

Kabla ya kuchimba piga hesabu ya paa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Chukua mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, kwa Unguja hiyo ni hesabu ya kujibana. Paa la mita 150 za mraba linakupa lita 150,000. Toa theluthi kwa ya kumwagika na ya kusafishia paa mvua za kwanza, unabaki na 100,000. Watu watano kwa lita 50 kila mmoja kwa siku ni lita 91,250 kwa mwaka. Inatosha, kwa shida, bila wageni.

Tatizo halipo kwenye mvua, liko kwenye kuhifadhi. Tangi la lita 5,000 linakupeleka siku 20 tu, na kiangazi kinazidi siku 20. Kwa hiyo jenga tangi la chini ya ardhi pamoja na msingi wa nyumba, ukisubiri baadaye litakugharimu mara mbili. Paa liwe la bati. Ukitaka makuti kwa ajili ya wageni, maji yake yanatoka na rangi ya chai, weka chujio la kokoto na mchanga kabla ya tangi.

Kisima kiwe cha akiba. Kichimbwe kifupi, kiishie pale unapopata maji tu, na pampu ndogo, uvute kidogo kidogo. Karo liwe mbali nacho na liwe la kuta na sakafu ya zege, si shimo la mawe. Kila mwezi chukua maji kwenye ndoo, osha mikono na sabuni ya mche. Siku povu likigoma, zima pampu wiki nzima uone kama litarudi. Bustani panda vitu vilivyozoea huku, mvinje, mkungu, mnazi, usiniletee majani ya uwanja wa mpira.